Kila mzazi kanipa hongera, aliyelipa simwoni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanga hapa Kigoma mjini. Nina duka dogo la madaftari na vifaa vya shule, kwa hiyo wazazi wengi nawajua kwa sura na kwa madeni. Naomba unisome mpaka mwisho, maana nyumbani jambo hili limeshakuwa ugomvi.

Kaka yangu anaishi Marekani. Siku moja tukiongea kwa simu alinisimulia wazazi wa kule wanavyohangaika na likizo ya kiangazi. Shule zinafungwa kama wiki kumi hivi, Juni mpaka Agosti, na baba na mama wote wako kazini. Basi tangu Januari au Februari mzazi anatafuta kambi za watoto: wiki hii kuogelea, wiki ijayo mpira, inayofuata kompyuta. Nafasi zinajaa upesi, kila kambi ina bei yake na umri wake, na ukizubaa umekosa. Akasema kuna vijana wameanzisha kampuni za kuwapangia wazazi ratiba hiyo kwenye simu, na wanalipwa.

Nikaona hapo pana biashara. Si na sisi tuna likizo ya Juni na ile ya Desemba? Nikamtafuta kijana mmoja fundi wa programu, tukakubaliana kugawana faida. Akiba ya duka ndiyo iliyolipia kila kitu, mpaka bando lake na nauli. Shangazi, programu imetoka nzuri. Mzazi anaandika jina la mtoto, umri, shule na mtaa anaokaa, anaweka picha, anataja bajeti yake. Programu inampangia likizo nzima, asubuhi mpaka jioni, na kumkumbusha kwa ujumbe. Nimeweka kuogelea ziwani, ziara ya Gombe, Makumbusho ya Dkt. Livingstone kule Ujiji, mpira, kuchora na kompyuta. Malipo ni shilingi 10,000 kwa likizo moja.

Kabla ya kuitoa niliwaonyesha watu kanisani, saluni na kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la mwanangu. Kila mtu alisifia. "Hongera dada." "Wazo zuri sana." "Kigoma tulikuwa tumechelewa." Wengi waliipakua palepale. Juni ikaja, ikapita. Walifungua mara moja, wakaangalia, wakafunga. Aliyelipa ni mama yangu mdogo peke yake, naye hana mtoto mdogo nyumbani.

Nikawafuata mmoja mmoja, majibu yakanichanganya zaidi. Baba mmoja wa ofisini alisema, "Wangu wanakwenda kwa bibi yao Kasulu, habari imeisha." Mama mmoja wa Ujiji akasema ratiba yangu haina saa ya chuo, yaani madrasa. Mwingine akauliza kama kuna twisheni ya hesabu. Na yuko mama anayeuza dagaa Kibirizi, yeye aliitazama simu yangu kwa makini, akauliza, "Sasa huyu atakayekaa na mwanangu ni nani?" Nikamwambia sisi tunapanga ratiba tu, mwenye shughuli ndiye atakayekaa naye. Akanirudishia simu yangu, akaendelea kupima dagaa.

Mume wangu anasema nifunge, hela irudi dukani, maana Januari ndiyo msimu wetu wa madaftari. Mwenzangu wa programu anasema hatujulikani, tulipie tangazo redioni, na Kigoma wakishindwa kuelewa tuhamie Dar es Salaam. Mimi nahisi labda bei iko juu. Nifanye nini? Na wazazi niwaulize nini ili waniambie ukweli, siyo hongera?

Mama Ratiba,
Mwanga, Kigoma

*

Marahaba mwanangu. Hao wawili hawajambo?

Usifunge. Lakini hiyo programu iweke kando, na shilingi nyingine ya duka isiingie humo kwa sasa. Tangazo la redio usilipie. Dar usiende. Bei usiishushe, kwa sababu kitu ambacho watu hawakihitaji hata kwa 2,000 hawatakinunua. Nitakueleza kwa nini, na nitakuomba uvumilie, maana nitaanzia mbali kidogo.

Kaka yako kakusimulia kweli tupu. Ila fikiria kwa nini mzazi wa kule analipia ratiba. Kambi zimemzunguka. Ziko za shule, za makanisa, za manispaa, za vyuo vikuu, za watu binafsi, na nyingi zimekuwepo tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto. Kinachomshinda ni kuchagua: hii inaanza saa tatu, ile inaisha saa sita, huyu ana miaka saba na kambi inataka minane, ndugu wawili wanatakiwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Anayempunguzia hesabu hizo kamsaidia kweli, na ana haki ya kulipwa. Sasa rudi Mwanga. Mzazi wa Mwanga akifungua programu yako anachagua kati ya nini na nini? Umeweka mambo sita. Mangapi kati ya hayo yana mtu anayewapokea watoto Jumatatu asubuhi, anayejulikana kwa jina, aliyekubali kazi hiyo? Nina wasiwasi ni mawili, na pengine hata mawili hayafiki. Umetengeneza kabati zuri la vyombo kabla ya kununua sahani.

Yule mama wa Kibirizi alikuambia haya yote kwa swali moja. Nimeisoma barua yako mara ya pili kwa ajili yake. Kila ulichoandika kuhusu uzuri wa programu na ujumbe wa kukumbusha hakina uzito mbele ya swali hilo, na wewe ukamjibu kwamba hiyo si kazi yenu. Mwanangu, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mzazi wa Kigoma hana shida ya kujua mtoto afanye nini saa nne asubuhi. Shida yake ni nani atakuwa na mtoto saa nne asubuhi, yeye akiwa mwaloni, sokoni au ofisini.

Na lile la "Kigoma tulikuwa tumechelewa" lisikupumbaze. Likizo ya watoto hapa ilikuwa na mpango kabla ya simu hazijafika. Baba wa Kasulu ana mpango: nauli ya basi, gunia la maharage wakati wa kurudi, na bibi ambaye hatozi 10,000. Akipeleka watoto Desemba wanakuta mvua na shamba, wanajifunza Kiha ambacho mjini kimeanza kuwatoka, wanajua ndugu zao. Huyo si mteja wako wala usimsumbue. Mama wa Ujiji naye ana mpango, ni chuo. Kumpangia mtoto wa Ujiji siku nzima bila kuacha nafasi ya madrasa ni kumwambia mzazi kwamba mtengeneza ratiba hajawahi kufika kwake. Nenda ukamuulize ustadhi wa mtaa saa zake za likizo ni zipi, maana hubadilika, na ratiba yako izunguke hapo. Vivyo hivyo kwa mazoezi ya kwaya na mafundisho ya kipaimara.

Wanaobaki ni wa aina mbili. Yuko mtoto anayefungiwa ndani na dada wa kazi na televisheni mpaka mama arudi. Na yuko anayekwenda na mama yake gengeni au mwaloni, anacheza kati ya turubai za dagaa na pikipiki zinazopakia mizigo. Mama zao hao ndio wateja wako, na sina uhakika hata mmoja wao alikuwepo saluni siku ile unaonyesha programu.

Sasa hongera. Sisi ni watu wa heshima, na mtu akikuonyesha kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, ukimwambia "sitakitumia" umemvunja moyo bure. Kwa hiyo tunasifia. Ukimwonyesha mtu simu na kumuuliza "Unaonaje?" umeshamwomba sifa, naye kakupa alichoombwa. Acha simu nyumbani. Nenda ukaulize yaliyokwisha kutokea, kwa sababu hayo mtu hana sababu ya kuyapamba. Likizo iliyopita mtoto wako alikuwa wapi asubuhi? Na nani? Ulimlipa chochote huyo aliyebaki naye, hata sabuni au kilo ya sukari? Kuna siku mpango uliharibika? Ulifanyaje siku hiyo? Kisha nyamaza. Ukisikia "dada wa kazi aliondoka ghafla nikakaa nyumbani, nikapoteza hela ya mzigo," hapo umepata mteja na umepata bei, kwa sababu hasara yake unaweza kuihesabu. Ukisikia "hakuna shida, wapo tu," shukuru, uage, uende mlango wa pili. Usimtajie biashara yako.

Baada ya hapo ndipo useme una mpango gani, na usiombe maoni. Omba kishika nafasi, hata 3,000, na umwandikie risiti. Atakayetoa hela ameshakupa maoni yake. Atakayesema "nitakutafuta" naye ameshakupa.

Mpango wenyewe uwe mdogo kiasi cha kukuaibisha kidogo mbele ya kaka yako wa Marekani. Mtaa mmoja. Kundi moja la watoto wa miaka sita hadi kumi na mmoja, tuseme ishirini. Asubuhi tu, kuanzia saa mbili mpaka saa saba, ili wa chuo wawahi chuo. Watu wazima wawili wanaojulikana hapo mtaani. Mwalimu mstaafu mwanamke ningemfuata wa kwanza, maana nusu ya wazazi aliwafundisha na nusu nyingine wanamwogopa. Wa pili awe kijana mwenye nguvu za kukimbia na watoto. Pembeni ya hao wewe ni mratibu.

Tufanye hesabu, kwa tarakimu za mfano ambazo utabadilisha ukishaulizia bei za mtaani kwako. Mtoto mmoja 15,000 kwa wiki. Walezi wawili, 60,000 kila mmoja kwa wiki. Ukumbi au uwanja wenye choo na kivuli, 30,000. Karatasi, rangi, mpira, kamba, 30,000. Hiyo ni 180,000 ambayo utailipa waje watoto wawili au ishirini. Uji na maji, 500 kwa mtoto kwa siku, yaani 2,500 kwa wiki. Wakija ishirini unaingiza 300,000, unatoa 230,000, unabaki na 70,000. Wakija kumi na wawili unaingiza 180,000, unatoa 210,000, umeingia hasara ya 30,000. Mstari wako uko kwenye mtoto wa kumi na tano. Kwa hiyo kama vishika nafasi havijafika kumi na tano wiki moja kabla, unarudisha hela za watu kwa adabu na huanzi. Hili ndilo la kumwonyesha mumeo, siyo programu.

Kuhusu malipo, usidai likizo nzima kwa mkupuo. Anayeuza kwa siku hulipa kwa siku au kwa wiki. Na mtu wa dagaa ana kalenda ambayo haimo kwenye simu yako: mbalamwezi ikiwaka boti zinapumzika, giza likiingia zinatoka na taa, na hela ya Kibirizi na Katonga hufuata mwezi huo. Kusanya wiki za giza. Tena Juni ina jambo lake. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Likizo ya Juni inaangukia humohumo. Mzazi ambaye mumewe kaegesha boti hatanunua ratiba ya watoto, na ziwa likifungwa Juni yoyote ile ujiandae kwa majibu kama uliyoyapata. Hilo halihusiani na kuelewa wala kutokuelewa.

Kwa hiyo jaribio la kwanza lifanye Desemba, wiki mbili za mwanzo tu za likizo, halafu ufunge kabla ya Krismasi. Baada ya hapo wewe ni mtu wa madaftari na mumeo ana haki. Mvua itakuwepo, kwa hiyo kivuli peke yake hakitoshi, tafuta paa.

Watoto wafanye nini? Hapa sina wasiwasi nawe, ila punguza ulichoandika. Kuogelea ziwani kifute leo. Ziwa hili kina chake cha chini kabisa kinakaribia mita 1,470, na sehemu nyingi za ufuko wetu hapahapa unapiga hatua chache ardhi inakuacha. Weka mawimbi ya upepo wa ghafla, weka kichocho, halafu niambie ni nani amefunzwa kuokoa watu kati ya walezi wako na majaketi ya kuokolea yako mangapi. Siku utakapokuwa na majibu, rudisha.

Gombe nayo ni nzuri kwa maneno. Ni hifadhi ya taifa tangu 1968, na Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe pale mwaka 1960, kila mtoto wa Kigoma anastahili kuijua. Lakini huendi kwa gari, ni boti kutoka Kibirizi, kuna viingilio, kuna masharti ya umri wa kuwakaribia sokwe ambayo lazima uyaulize hifadhini kwanza, na mtoto mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia kwa sababu mafua yetu yanawaua. Hiyo ni safari ya mwaka, ya watoto wakubwa, na barua za shule mkononi. Kwa sasa tafuta mwalimu mlezi wa klabu ya Roots & Shoots katika shule ya jirani. Klabu hizo alizianzisha Goodall mwaka 1991 akiwa na wanafunzi hapa Tanzania, na mwalimu wa aina hiyo anajua kuwafanya watoto wapande mti na kuutunza bila kudai boti.

Vya karibu ndivyo vitakavyokubeba. Mzee aliyestaafu reli akisimama na watoto stesheni akawaambia reli ilifika hapa mwaka 1914, na kwamba meli ya Liemba ililetwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikaungwa papa hapa Kigoma, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 na Waingereza wakaiibua 1924, utaona hata dada wa kazi anakuja kusikiliza. Makumbusho ya Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, ni asubuhi moja. Ulizia mapema kiingilio cha watoto. Fundi wa boti akionyesha mbao zinavyopindwa. Mama anayesuka mikeka ya ukindu, kila mtoto aondoke na kipande chake hata kama kimepinda. Kombolela, rede, mdako, bao. Michezo hii watoto wa mjini wanaisahau, na haina gharama.

Twisheni kataa. Najua utapoteza wateja wawili watatu. Mtoto amekaa darasani tangu Januari, kichwa chake kina haki ya kupumzika, na ukianza hesabu wiki ya kwanza, wiki ya pili utaulizwa matokeo. Akihesabu kete za bao zinatosha.

Nakuja kwenye jambo ambalo hukuniuliza na ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine. Umekusanya jina la mtoto, umri, shule, mtaa anaokaa, na picha yake, na ratiba inayosema atakuwa wapi saa ngapi. Yote mahali pamoja. Nani anaweza kuyafungua? Wewe, mwenzako, na nani mwingine? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ina Tume yake. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili na kuzilinda, na za mtoto ndizo za kuangaliwa zaidi. Futa picha. Futa shule. Futa mtaa. Unachohitaji ni jina la kwanza, umri, namba ya mzazi, na kama mtoto ana pumu au mzio. Picha za watoto wakicheza usiziweke kwenye status yako hata mzazi akicheka na kusema haina neno.

Kabla ya kupokea mtoto wa kwanza nenda ofisi ya mtaa, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa, umweleze unachotaka kufanya na uulize kibali gani kinakuhusu. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vina usajili wake, na ndiyo maana nimekuambia uanze na wa miaka sita. Kulala usithubutu. Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni hata shuleni kwa watoto wa chini ya darasa la tano, sembuse wewe mwenye ukumbi wa kukodi. Mlezi yeyote asibaki peke yake na mtoto mmoja, hata chooni, wawili wawili. Kuwe na daftari la kuingia na kutoka, na jina la anayeruhusiwa kumchukua kila mtoto, na dereva wa bodaboda asiyekuwa kwenye daftari arudi bila mtoto hata kama anamwita kwa jina lake la utani. Namba 116, ya bure, ya kutoa taarifa za watoto walio hatarini, ibandike ukutani usawa wa macho ya mtoto, na wafundishwe maana yake siku ya kwanza. Ukimpelekea mama wa Kibirizi karatasi yenye majina ya walezi wawili na utaratibu huu, umeshamjibu.

Programu haijapotea. Itumie nyuma ya pazia: mahudhurio, nani kalipa, nani anamchukua nani. Wazazi uwapigie na uwaandikie ujumbe wa kawaida, maana wengi wa mwaloni wana viswaswadu, simu ndogo za vitufe. Likizo mbili tatu zikienda vizuri, mwalimu mwingine mstaafu wa Gungu atataka kundi lake, mwingine wa Katubuka atataka la mpira, wa Ujiji atataka la mchana baada ya chuo. Hapo mzazi atakuwa na vya kuchagua, na kalenda yenu itapata kazi halali. Redio itakuja wakati huo. Ukitangaza leo utaleta umati mbele ya mlango usio na mtu ndani, na mji huu ni mdogo, hawatarudi.

Dar nimeshasema. Huko hujui mwalimu mstaafu hata mmoja.

Limebaki la mume na la mwenzako. Mumeo hajakukataza kufanya biashara, amekukataza kula hela ya madaftari, na katika hilo niko upande wake. Kaeni mkubaliane kiasi kimoja cha kujaribia Desemba, kitengwe, na kikiisha kimeisha. Mwenzako naye mwambie waziwazi kwamba kwa sasa kazi ya programu ni kidogo na kazi ya kutafuta walezi ni kubwa, kwa hiyo mgao wa zamani haufai tena. Akikubali kuzunguka mitaani nawe, mpe sehemu yake. Asipokubali, mlipe kazi aliyokwisha kuifanya kidogo kidogo, muachane vizuri. Vyovyote iwavyo, sajilini jina la biashara BRELA, na makubaliano yenu yaandikwe na kusainiwa kabla hujapokea kishika nafasi cha kwanza. Nakala moja abaki nayo yeye, moja mumeo.

Shangazi